Sheria ya Wawili

Gurudumu moja la sanduku langu lilikuwa bovu, na asubuhi ile ya Jumatatu lilipiga kelele barabara nzima, mpaka mbwa wa duka la mikate akaamka kunitazama. Nilikuwa natoroka. Nyuma yangu, kama hatua kumi hivi, nilisikia viatu vya mtu ninayemfahamu. Sikugeuka. Nilipovuka barabara, navyo vikavuka. Niliposimama kupumzisha mkono, navyo vikasimama.

Katika kazi yetu mtu hatoroki peke yake. Hapo ndipo hesabu zangu zilipokosea.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mmisionari wa kanisa ambalo wengi huliita la Wamormoni, nimetumwa miaka miwili nchi ya watu. Kifuani nilivaa kibao cheusi chenye jina la ukoo wetu, na mbele yake neno Mzee, cheo cha kila mmoja wetu. Mzee! Ndevu zangu zilihesabika, na kinyozi wa mtaani alizihesabu kweli, kwa sauti, mbele ya wateja. Tulikaa wawili wawili, na kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote: usimwache mwenzako. Mlale chumba kimoja, mtembee pamoja, mbishe hodi pamoja, mfungiwe mlango pamoja. Peke yako ulikuwa bafuni tu, na hata huko mwenzangu alinisemesha kupitia mlangoni.

Nilimwita Pasi. Alitoka nchi inayopakana na yetu, kwa hiyo tulielewana kwa lugha ya nyumbani, na alipiga pasi kila kitu: mashati, leso, hata soksi. Saa kumi na mbili na nusu tunaamka, tunasali, tunasoma maandiko, yeye kitabu mkono huu na pasi mkono ule. Saa nne tuko nje. Mitaa ile ilikuwa na ngazi nyingi na watu wenye adabu. Walitukataa vizuri, wengine hata wakatupatia maji ya kunywa. Mimi moyo uliniuma kila mlango ulipofungwa. Pasi wala.

"Leo tumekataliwa na watu kumi na saba," alisema jioni moja akivua viatu, "na hakuna hata mmoja aliyetutukana. Mungu akupe nini tena?"

Kupiga simu nyumbani siku zile kuliruhusiwa mara mbili kwa mwaka, na mara iliyofuata ilikuwa bado miezi mitano. Kwa hiyo tuliishi kwa barua. Ijumaa moja ikaja barua ya mdogo wangu wa kike, ambaye kwa kawaida huchukia kuandika. "Kaka, mama hajui kama nakuandikia. Amekonda mpaka pete inamvuka akiosha vyombo. Hospitali wamemwambia kitu, kila nikimuuliza ananituma dukani. Usiseme nimekuambia mimi."

Barua ile ilikuwa imesafiri wiki tatu. Katika wiki tatu mtu anaweza kupona, na anaweza kuzikwa. Baba alishatangulia. Tulibaki watatu, na mama alitulea kwa kupika kwenye jiko la shule, akirudi jioni na harufu ya moshi kwenye nywele. Nilipoitwa misheni alizungusha habari mtaa mzima, utadhani anaoza mwana. Nilijua pia kwamba mmisionari anayerudi kabla ya siku zake hufuatwa na maswali maisha yake yote, na mama angefuatwa nayo pamoja nami. Ndiyo maana sikumwonyesha Pasi barua. Nilimeza, nikalala nayo siku tatu, na Jumatatu alfajiri alipoingia kuoga nikachukua sanduku.

Alinifikia nimekaa kwenye benchi la stendi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja tu, na sikioni alikuwa na povu la sabuni. Akakaa.

"Basi la saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Haya."

"Huniulizi naenda wapi?"

"Uendako ndiko niendako. Sheria." Akajifuta povu. "Ile pasi nadhani nimeizima. Tuombe Mungu."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo. Nikampa barua. Aliisoma mara mbili, akaikunja vilevile ilivyokuwa.

"Umempigia?"

"Hairuhusiwi mpaka..."

"Sijakuuliza kinachoruhusiwa."

Simu ya karibu ilikuwa ya kinyozi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafungua. "Wazee!" akatupokea. "Mmekuja kunyolewa au kuniokoa?" Kisha akaniona usoni. Akanisogezea simu, akachukua ufagio, akaenda kufagia nje, mahali palipokuwa safi tayari.

Mama alipokea mwenyewe.

"Nani kakuambia naumwa? Huyo mdogo wako mdomo wake hauna kufuli!" Alicheka, halafu akatafuta pumzi ya neno lililofuata. "Mimi mzima, baba. Maliza kazi ya Mungu. Usithubutu kurudi. Mpe simu mwenzako."

Pasi alisimama wima kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Shikamoo mama. Ndiyo mama. Ndiyo. Nimekusikia, mama." Akaiweka simu chini taratibu.

"Kasemaje?"

"Nisikuruhusu kuondoka. Nimemwahidi."

Nikashusha pumzi. Niseme kweli: nilifurahi. Mtu mwingine alikuwa ameamua, na mama alikuwa mzima kwa kinywa chake mwenyewe. Nikanyoosha mkono nichukue sanduku turudi.

"Wangu naye alisema ni mzima," Pasi akasema.

Alikuwa akitazama viti vya kinyozi. "Mwezi wangu wa nne. Nikamwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini. Siku wanamzika nilikuwa napanda ngazi za watu. Wengi waliniandikia kunisifu. Barua zao ninazo zote, na hakuna hata moja niliyoweza kuisoma mara ya pili."

Miezi saba nilikuwa nimelala hatua mbili kutoka kitanda cha mtu huyu. Nilijua anavyokoroma na jozi ngapi za soksi anazo, na hilo sikulijua. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya.

"Na ahadi uliyompa mama?" nikamuuliza.

"Nitatubu," akasema, akalitupia sanduku langu begani.

Tulisafiri wote mwendo wa saa sita mpaka kwa rais wa misheni, mkuu wa wamisionari wote wa nchi ile. Alisoma barua, akavua miwani, akamwita karani anitafutie ndege. Pasi aliomba anisindikize hadi uwanjani. Pale kwenye kioo ambapo abiria huachana na wasindikizaji, alininyoosha kola, akaniambia nimsalimie mama. Nilipogeuka nilimwona amesimama upande wa pili, hajui mikono yake aiweke wapi. Tangu tukutane, ilikuwa mara ya kwanza namwona peke yake.

Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Nilipata wiki tisa na mama, na maswali ya watu niliyajibu moja moja mpaka wakachoka.

Ila siku niliyofika nyumbani ilikuwa Alhamisi mchana. Mama alifungua mlango ameshikilia fremu, amekuwa mdogo ndani ya gauni lake.

"Nani kakuambia uje?"

"Shikamoo mama."

"Nimekuuliza, nani kakuambia? Na yule mwenzako, mtoto wa watu, kaniahidi! Ahadi gani hiyo?" Alinigombeza mpaka pumzi ikamwishia, akanishika mkono asianguke, na hakuuachia. "Nenda ukaoge," akasema mwishowe. "Unanuka safari."

Chumbani kwangu kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka za wageni, na taulo safi imewekwa juu ya mto. Nikamwita mdogo wangu, nikamuuliza amejuaje kwamba nakuja.

"Sikujua," akasema. "Katandika mama, Jumatatu, alipokata simu tu. Nilitaka kumsaidia, akakataa."