Mshale wa Pili

Kila msimu wa paa, Rai na nduguye Mramba hawakuingia porini bila Suleiman. Wao hawakuwa Waislamu, lakini nyama waliigawa na majirani Waislamu wa Majoreni, na Suleiman ndiye aliyekimbia kumuwahi paa kabla hajafa, akamchinja kwa bismillahi. Rai alizoea kumtania: "Sheikh, unashindana mbio na Israili mtoa roho." Nyumbani, mke wa Suleiman, Asiya, hakutia nyama chunguni kabla ya kuuliza, "Ulimkuta hai?"

Asubuhi moja ndugu hao walimleta Suleiman wamembeba kwa shuka, mguu umevimba mpaka pajani.

"Shemeji," Rai alisema, macho chini, "paa alianguka, akainuka. Nikaachia mshale wa pili. Sheikh alikuwa keshatoka mbio na kisu; ukampata yeye."

"Mshale ulikuwa na sumu?" Asiya aliuliza.

"Ulikuwa nayo."

Mramba akanong'ona kwamba hospitali wataulizwa ni uta wa nani, na kuwinda ni jela.

"Basi mtafungwa," Asiya alisema. "Mwite mwenye bodaboda."

Mramba akaenda. Suleiman akafumbua macho. "Nilimkuta hai, Asiya. Nimemchinja."

Asiya alimpakata kichwa, akamsomea shahada sikioni, naye akaifuatisha mpaka nusu. Pikipiki ilipofika, Rai alitoka akamwambia dereva kwamba mgonjwa hayupo tena, ila ampeleke yeye kituo cha polisi. Akapanda na uta wake mkononi. Asiya alimwona, wala hakumzuia.