Gurudumu Moja Libaki Shahidi

Mimi ni fundi cherehani, na kosa langu ni kudhani kwamba anayeweza kufumua koti na kulirudisha anaweza kufumua chochote. Jumamosi nikabadilisha mwenyewe breki za nyuma za gari letu. Nikavua magurudumu yote mawili, nikatoa kila kilichokuwa ndani. Mama, ambaye tangu mguu wake upooze hakuna anayempa kazi, akaomba aoshe vile vyuma. Nikamwekea beseni la maji ya sabuni barazani. Alivisugua vikang'aa, akiimba, na mimi nikafurahi kumwona hivyo.

Jumatatu nikampeleka kwenye mazoezi ya mguu. Kliniki iko kwenye mwinuko. Nikavuta breki ya mkono, nikazunguka kumfungulia mlango, na mguu wake wa kwanza ulipogusa chini, gari likarudi nyuma. Lilikwama kwenye ukingo wa barabara. Hakuumia, lakini akaapa haingii tena ndani ya gari hilo.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," akaniambia. "Niacheni nikae nyumbani."

Miadi iliyofuata ilikuwa Alhamisi, na tulishaambiwa kuwa akikatiza mazoezi mguu utakakamaa moja kwa moja. Nikakaza waya wa breki ya mkono. Asubuhi ilishika, jioni imelegea. Nikakaza tena, ikalegea tena. Kwa hasira nikalipiga tairi teke, nikaumia kidole. Jumatano nikameza kiburi nikamwita shemeji, mdogo wa mume wangu, ambaye ni makanika na ana mdomo.

Akavuta breki ya mkono huku akihesabu milio yake. "Kumi na mbili. Shemeji, hii ni breki au unavuta maji kisimani?"

"Fanya kazi kwanza, utanicheka baadaye."

Akaulegeza waya wote niliokuwa nimeukaza. Waya ni mzima, akasema, nimekuwa nikimpa dawa asiyeumwa. Kisha akavua magurudumu na vifuniko vya breki, akachungulia kushoto, akaenda kulia, akarudi kushoto.

Humo ndani, kila upande una skrubu yenye meno. Ukikanyaga breki, inajizungusha kidogo na kuvisukuma viatu vya breki vikaribie kuta za kifuniko chake. Ya kushoto ina mzunguko wake, na ya kulia ina wake. Zangu zilikuwa zimebadilishana nyumba. Kila nilipokanyaga breki, badala ya kukaza zilikuwa zinalegeza.

"Ulifungua pande zote mbili kwa pamoja?" akauliza.

Mficha uchi hazai. Nikasema ndiyo.

"Na vyuma ukaviweka wapi?"

Nikatupa jicho barazani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anatutazama. "Kwenye beseni moja," nikanong'ona.

Mara hii hakunitania. "Unafungua gurudumu moja, la pili linabaki shahidi. Likikutatiza hili, unaliangalia lile. Kosa ni lako, shemeji."

"Najua ni langu. Na ukimwambia mama vingine, chai ya nyumba hii utaisikia kwa jirani."

Akazihamisha zile skrubu, kila moja kwake, akarudishia vyote, akaupima waya upya. Tukalipeleka gari kwenye mteremko wa getini. Akaliweka gia huru, akavuta breki: milio mitano. Nikalisukuma kwa mikono, nikalisukuma kwa mgongo mpaka nikatweta. Halikusogea.

Mama akaja na mkongojo wake bila kuitwa. Akaingia, akaketi, akafunga mlango.

"Kosa lilikuwa nini?" akauliza dirishani.

"Langu, mama. Nilifunga vibaya."

Shemeji akawa anafuta spana ambayo ilikuwa safi.

Mama akafungua mlango, akatanguliza chini ule mguu mbovu, akangoja. Gari lilitulia. Akashusha wa pili, akasimama wima, ameshika mlango.

"Kesho saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Haya." Akageuka kurudi barazani, taratibu, mkongojo mbele. "Na siku nyingine ukifungua magurudumu yote, niletee mabeseni mawili. Hilo moja lilinichanganya, nikaona aibu kukuuliza."