Sura ya Mama Mkwe

Picha ya pasipoti ya mama mkwe ilirudishwa mara ya pili, na safari hii karani hakuzunguka mbuyu: "Mama, hapa naona kitambaa cheupe na meno. Sura iko wapi?"

Na mpiga picha ni nani? Mkwewe mwenyewe, mume wa binti yake mkubwa. Aibu iliyoje! Binti mdogo yuko ng'ambo, mimba ya kwanza, imebaki miezi miwili ajifungue, na kinachomzuia bibi asimwone mjukuu ni kamera ya mkwe. Kamera ile huamua kila kitu yenyewe. Ikiona kitambaa cheupe nyuma ya mtu, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na mama aliyejaliwa weusi wa kung'aa anatoka giza tupu.

"Nitanunua nyingine, Mama. Inayorekebishwa kwa mkono," mkwe alisema, macho sakafuni.

"Tutakwenda wote. Wewe peke yako sikuamini."

Dukani, muuzaji aliwapokea kwa bashasha, akatoa kamera nyembamba inayometameta. "Hii ina akili, mama. Unabonyeza tu, mengine inajua yenyewe."

"Hata ya huyu inajua. Inajua kunifuta. Lete yenye vitu vya kuzungusha."

Mama ameshona nguo miaka arobaini. Aliwahi kuletewa zawadi ya cherehani inayochagua mshono yenyewe, akaifanya meza ya kuwekea pasi. Sasa alipewa kamera nzito yenye magurudumu matatu juu, akaigeuzageuza. "Hili kazi yake nini?"

Mkwe akakohoa. Ukweli ni kwamba miaka yake tisa ya ufundi ilikuwa ya kubonyeza tu. "Hilo... ni la mambo ya mwanga, Mama."

"Mambo gani?"

Jasho likamtoka. Muuzaji akamwonea huruma, akaeleza mwenyewe: hili linapanua tundu la lenzi, hili linaamua mwanga uingie kwa muda gani.

"Aa, kama kukaza na kulegeza uzi," mama akasema. "Unajaribu kwanza kwenye kitambaa cha kutupa. Simama pale, baba."

Mkwe akasimama mbele ya ukuta mweupe. Picha ya kwanza akatoka mkaa. Mama akazungusha, ya pili akatoka unga. Ya tatu akaonekana mzima, masikio yote mawili, hadi jasho.

"Umeona? Haya, zamu yangu. Nimeshaitega. Bonyeza, usiguse kitu kingine."

Mkwe akabonyeza, kazi aliyoizoea. Kwenye kioo cha kamera ikatokea sura: makunyanzi, kovu dogo la kidevuni, weusi wote mahali pake. Mama akaisogeza karibu na macho. Mkwe akajiandaa kwa maneno. Leo atalaumiwa na kwa makunyanzi.

"Huyu ni mama yangu," mama akasema polepole.

Mama yake alifariki bila kupigwa picha hata moja. Muuzaji akajifanya anafuta meza.

"Macho yake haya. Mdomo wake huu." Akajipangusa machozi kwa kiganja. "Hii siwapi wale wa ofisini, ng'o! Nitakwenda nayo, mjukuu wangu amwone. Ya pasipoti tupige nyingine."

Mkwe akainua kamera.

"Usiguse kitu," mama akamkumbusha.