Damu ya Siku Arobaini na Mbili

Mama wa yule mtoto alikuwa na jambo la kujivunia: nepi za mwanawe hazikushika doa. Choo chake kilitoka cheupe kama chokaa, na wifi yake, kila alipokuja kumsaidia kufua, alimwambia ana bahati. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano, ndiyo, lakini mama mkwe alisema aanikwe jua la asubuhi, naye akamwanika wiki nenda wiki rudi bila kuchoka.

Siku ya arobaini na mbili alimpeleka chanjo. Muuguzi akayaona yale macho, akamwandikia kipimo cha manjano. Damu ikatolewa, mama akakaa kwenye benchi nje ya maabara kungoja.

Ndani alikuwamo mpimaji waliyembandika jina la Mama Rudia, maana hatoi jibu bila kurudia kipimo. Mwanamke mkavu, hana tabasamu la bure. Fomu ilitaka kiwango cha manjano ya jumla, basi. Angeishia hapo, na nani angemlaumu? Lakini alisoma umri wa mtoto, akatazama damu iliyobaki kwenye kichupa, haba kweli, akapima bila kuombwa ile sehemu ya manjano ambayo ini limeshaichuja. Ilikuwa juu mno. Maana yake nyongo ilikosa njia ya kutoka. Watu wa namna hii hawasifiwi popote, na ni aibu yetu.

Alitoka mwenyewe, akauliza choo cha mtoto kina rangi gani. Mama akajibu kwa fahari. Mama Rudia akainama.

"Mwanangu, hukukosea, hukuambiwa tu kwamba weupe huo si bahati. Lakini jua halitamtibu huyu. Mirija ya nyongo huenda imeziba, na tukichelewa ini litaharibika. Inuka, twende kwa daktari sasa hivi."

Mama alimbeba mtoto, akamfuata. Vipimo vingine vikathibitisha, na kabla hajatimiza miezi miwili mtoto akapasuliwa ili nyongo ipate njia. Kama njia imefunguka, damu ndiyo ingesema, kwa hiyo kila mwezi walirudi kupima.

Mwezi wa nne tangu apasuliwe, Mama Rudia alitoka mwenyewe tena, karatasi mkononi, akaketi kando ya mama. Mama alikata tamaa palepale.

"Manjano yameshuka. Sasa yako sawa na ya mtoto yeyote," alisema yule mpimaji. "Miezi yote hii namjua kwa damu tu. Hebu nipe nimbebe."