Kijiji cha Bibi Anyosisye Kwenye Ramani

Bibi Anyosisye alikuwa akilainisha mdomo wa chungu nyumbani kwake Ikombe, na kando yake mjukuu wake Doreen alichora ramani ya nchi ya kubuni, ya kuchezea na wenzake jioni. Mara Doreen akaguna.

"Bibi, kijiji nilichokipa jina lako kimeharibika. Mabamba mawili ya ardhi yanasukumana, lazima milima iinuke hapa katikati. Vyungu vyako havitafika sokoni!"

"Si uifute hiyo milima?"

"Wenzangu watanicheka. Mabamba yasukumane bure?"

Bibi akatabasamu. Mtoto anaumba dunia nzima, na bado anahangaikia vyungu vya bibi yake.

"Na yakiachana je?"

"Katikati panadidimia, milima inabaki kandokando. Maji yakijaa, linakuwa ziwa."

"Basi yaachanishe, mama. Lini mimi nilipeleka vyungu sokoni kwa barabara?"

Doreen akaitazama mitumbwi ufukweni mwa ziwa lao, na milima iliyosimama wima nyuma ya kijiji. Akacheka. Akafuta mabamba yaliyosukumana, akayachora upya yakiachana, kisha akachora ziwa refu lenye mtumbwi uliojaa vyungu, na mtu mmoja ameketi ndani yake.

"Huyu ni wewe, Bibi."

"Ndaga, asante, mjukuu wangu. Lakini mbona hujanipa kasia?"