Chemchemi Niliyoigundua Mezani

Kwa unyenyekevu mkubwa nautangazia ulimwengu kwamba mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, niligundua chemchemi katika jangwa ambalo wapima ardhi walilizunguka miaka mingi bila kuiona. Niliigundua nikiwa nimekaa kitini, kwa kalamu ya bluu, shangazi alipotoka kuchemsha chai.

Shangazi huchora upya ramani kuukuu, kisha huenda mwenyewe jangwani kuzihakiki. Likizo ile alinipa cheo cha kushikilia pembe za karatasi zisijikunje. Ramani aliyoitoa kabatini siku hiyo ilikuwa na makorongo yaliyojipinda kama utumbo, na katikati yake patupu. Bweni zima lingenidharau kama ningepaacha vile. Nikaweka duara la bluu, alama ya maji yasiyokauka, na pembeni nikaandika kwa mwandiko wa kizee: Chemchemi ya Matroni.

Nilitarajia shangazi acheke, anifinye sikio, afute. Badala yake alirudi na dereva wake, mzee tunayemwita Kobe, ambaye hajawahi kushindwa swali.

"Mzee, hii unaikumbuka?"

Kobe akavaa miwani. "Naikumbuka? Nimenawa uso hapo. Maji matamu mpaka unasahau kwenu."

"Basi tupunguze madumu ya maji. Gari lipande korongo likiwa jepesi."

Nikafungua kinywa. Kikatoka kikohozi.

Asubuhi ya safari nilichungulia nyuma ya gari. Maji yaliyopakiwa yangetosha watu wanaokwenda harusini, si watu wanaokwenda kule. Mimi, ambaye nikitumwa maji huumwa mgongo papo hapo, nikaanza kujaza madumu bombani na kuyaficha chini ya turubai.

"We baba." Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Nani kakutuma?"

"Moyo tu, shangazi."

"Moyo wako naujua. Haujawahi kunyanyua hata kikombe ulichonywea." Akafunua turubai, akayatazama madumu, akanitazama mimi. "Haya, sema."

"Pale hapana maji. Ile chemchemi niliichora mimi."

"Ila mimi nilinawa..." Kobe akaanza, kutoka kwenye usukani.

"Mzee, subiri kidogo." Macho ya shangazi hayakunitoka. "Umechora hiyo tu?"

Nikalirudisha turubai juu ya madumu.

"Kuna na daraja, shangazi."