Kola ya Mwalimu

Kwa miaka minne niliwaambia wateja kwamba kola haziwapendezi wenye shingo fupi. Wenye shingo ndefu niliwaambia zitazidi kuwarefusha. Mtaa ukanibandika jina, Fundi Shingo-Wazi, nami nikalibeba kama tuzo.

Kisha mwalimu wetu wa masomo ya jioni akaleta kitambaa cha koti, zambarau iliyoiva, kipande cha mwisho dukani.

"Nataka kola iliyosimama. Jumamosi nakagua gwaride la wahitimu."

"Mwalimu, bila kola utapendeza zaidi."

"Mwanangu, nimekuuliza?"

Mama Chaki, mwenye karakana, alicheka hadi miwani ikamteleza. Mwalimu alipotoka, akanigeukia. "Tangu uharibu lile shati la mteja, miaka minne sasa, hujagusa kola. Unadhani sioni?"

"Ni mtindo wangu, mama."

"Mtindo! Huo ni woga uliovalishwa gauni. Koti hili nikilikata mimi, wewe endelea na mapindo yako. Ukilikata wewe, meza ya kukatia ni yako. Haya, chagua."

Nikaketi kumnyonyesha binti yangu mchanga, ninayekuja naye kazini, na lile shati likanirudia: mteja amelitupa mezani mbele za watu, kola imepinda kama sikio la mbuzi. Nilidhani nimeshasahau. Kumbe ndilo lililokuwa likinichagulia kila mshono. Mitindo mingapi nimeiota, nikaifuta kabla ya kuichora, eti haitauzika?

Nikamlaza mwanangu kwenye kapu la vitambaa, nikashika mkasi. Nikapima mara mbili, nikapima ya tatu. Woga haukuondoka. Nikakata hivyo hivyo.

Kola ilikataa kusimama. Nikafumua, nikashona tena. Ikasimama, upande wa kushoto ukiwa umezidi kwa upana wa uzi mmoja. Aliyeona ni mimi na Mama Chaki tu, na Mama Chaki akakohoa, akatazama dirishani.

Ijumaa Mwalimu alivaa, akajitazama kwenye kioo, akainua kidevu. Asante hakusema. Alisema, "Sasa waje hao wahitimu!" akatoka na koti lake mwilini, huku barabarani watu wakimpisha.

"Meza hiyo ina vumbi," Mama Chaki akaniambia. "Ipanguse mwenyewe, mwenye meza."

Nikaipangusa taratibu, kona hadi kona, binti yangu mgongoni. Nikatandaza gazeti, nikachora gauni la mikono mipana kama mbawa, ambalo hakuna mteja aliyeliomba.